Maswali ya Wasomaji: Kumtafuta Babu katika Karatasi za Meli

Barua tatu tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka Kisumu, Nakuru na Vihiga. Waandishi wake hawajuani, lakini wote wanauliza jambo moja: mtu wa ukoo alivuka bahari zamani, na sasa walioachwa wanataka kuuona ushahidi wa safari hiyo kwa macho yao. Barua zenyewe tumezifupisha. Majibu ni marefu kidogo, kwa kuwa njia ya kufuata si moja kwa wote watatu.

SWALI: Mhariri, salamu. Familia yetu imeishi Kisumu kwa vizazi vinne, na kabla ya kuhamia mjini tulikuwa Kibos. Tumesimuliwa tangu utotoni kwamba babu wa baba yangu, Kalasinga kutoka Punjab, alikuja kujenga reli, kwamba alipanda meli Karachi, na kwamba meli hiyo iliitwa Karanja. Tunayo hati ya kiwanja ya mwaka 1912 yenye jina lake, picha moja, na barua mbili zilizoandikwa kwa maandishi ambayo hakuna hata mmoja wetu awezaye kuyasoma. Nimepekua orodha za abiria za Uingereza na Marekani katika mtandao bila kupata kitu. Jina lake liko wapi? — Msomaji, Milimani, Kisumu

JIBU: Umetafuta kwa bidii, ila umebisha hodi katika nyumba ambayo babu yako hakupita. Orodha za Uingereza ulizozipekua zilikusanywa na Bodi ya Biashara ya nchi hiyo, na leo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa huko Kew, London, katika mafungu mawili: BT 26, la abiria walioingia Uingereza kati ya 1878 na 1960, na BT 27, la waliotoka kati ya 1890 na 1960. Meli iliyong'oa nanga Karachi au Bombay ikaja kutia nanga Mombasa haikugusa bandari yoyote ya Uingereza, kwa hiyo hapakuwa na karani wa Bodi hiyo wa kuliandika jina la babu yako. Orodha za Ellis Island, kituo cha New York kilichopokea wahamiaji kuanzia 1892 hadi 1954, hazimhusu hata kidogo. Wengi hupotezwa na ukubwa wa hazina hizi mbili, kwani tovuti zinazoziuza hutangaza mamilioni ya majina, na mtu akadhani kuwa yeyote aliyewahi kuvuka bahari lazima awemo.

Hakuna karani wa meli aliyeandika majina kwa faida ya wajukuu. Jina liliandikwa kwa sababu kulikuwa na mkubwa fulani aliyetaka kuhesabu watu: mwenye meli aliyedai nauli, daktari wa bandari aliyehofia tauni, mwajiri aliyekwisha kutoa fedha za awali, au serikali iliyotaka kujua ni nani ameingia na ataishi kwa nini. Kila mmoja wao aliweka karatasi yake mahali pake, na karatasi hizo hazikukutanishwa baadaye. Ukitaka kumpata babu yako, uliza kwanza ni nani aliyehitaji kumhesabu.

Tuanze na hiyo Karanja, maana hapo pana fundo. Kampuni ya British India Steam Navigation, iliyotawala safari za Bombay na Mombasa kwa miongo mingi, ilikuwa na meli mbili za jina hilo zinazokumbukwa katika njia hii. Ya kwanza iliundwa mwaka 1931. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili ilichukuliwa na jeshi la majini la Uingereza, na mwezi wa Novemba 1942 ikazamishwa kwa mabomu ya ndege huko Bougie, Algeria. Ya pili ilianza kazi mwaka 1948, ikifuatana na ndugu yake Kampala iliyotangulia kwa mwaka mmoja, nazo ndizo zinazotajwa sana na wazee wa Kihindi wa Kisumu na Nakuru kila wanapozungumzia safari za kwao. Mtu aliyekuwa na kiwanja mwaka 1912 hakuweza kuletwa na meli iliyoundwa miaka 19 baada ya hapo.

Simulizi la ukoo halikuwadanganya. Limeunganisha safari mbili. Kuna mtu wa familia yenu aliyesafiri kwa Karanja, na kuna uwezekano mkubwa kwamba alikuwa bi harusi aliyeletwa kwa kijana wa kizazi cha pili, au mzee mwenyewe aliyekwenda kukitazama kijiji chake kisha akarudi. Safari hiyo ya baadaye ndiyo iliyo rahisi kuthibitisha. Kufikia wakati huo msafiri alitakiwa kuwa na pasipoti, na pasipoti ilipigwa mhuri wa kuondoka na mhuri wa kuingia Mombasa, wenye tarehe. Ulizeni shangazi na binamu waliotawanyika Uingereza na Canada kama kuna aliyeondoka na pasipoti kuukuu za wazee, kwani vitu hivyo hufichwa pamoja na vyeti vya ndoa na risiti za dhahabu na havitajwi mpaka viulizwe kwa jina. Mkipata tarehe ya mhuri, nendeni kwenye magazeti ya siku hizo, yaliyokuwa na safu ya meli zinazoingia na zinazoondoka. Matoleo ya zamani ya East African Standard yamo katika Maktaba ya McMillan, Nairobi. Hapo tarehe itawapa meli, na mtajua ni Karanja ipi.

Sasa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na njia ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi, mwezi wa Desemba 1901. Katika miaka hiyo waliletwa kutoka India vibarua wa mkataba wapatao 32,000, wengi wao Wapunjabi waliopakiwa Karachi, kwa mkataba wa miaka mitatu. Karibu 2,500 walifariki, maelfu walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu, wengine wengi wakarudi mikataba ilipokwisha, na waliobaki hawakufika 7,000. Nazitaja hesabu hizi kwa sababu ukienda leo katika familia za Kihindi za nchi hii, karibu kila moja itakuambia kwamba babu yao alijenga reli. Wengi wa mababu hao walikuja baadaye, wakajilipia nauli wenyewe, wakawa mafundi wa reli iliyokwisha kujengwa, makarani, maseremala, au vijana wa duka walioitwa na mjomba. Hakuna aibu katika hilo, ila linabadilisha mahali pa kutafuta.

Kama babu yako alikuwa kibarua wa mkataba, aliyemhesabu alikuwa afisa wa serikali ya India aliyeitwa Mlinzi wa Wahamiaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu ameuelewa mkataba kabla ya kupanda meli. Mawasiliano ya serikali kuhusu uhamiaji huo yamo katika Nyaraka za Taifa za India, New Delhi, na katika kumbukumbu za Ofisi ya India zilizoko Maktaba ya Uingereza, London. Ila usiende huko ukitarajia yale waliyoyapata ndugu zetu wa Mauritius na Natal. Mauritius ina kumbukumbu za vibarua wa miwa zenye namba, kijiji, na kwa wengine hata picha, nazo zinatunzwa katika Taasisi ya Mahatma Gandhi, Moka. Natal ina orodha za meli kuanzia ile ya Truro iliyofika Durban mwezi wa Novemba 1860, na zinataja kila mtu, baba yake na alama za mwili wake. Wakoloni wa huko walihitaji kumfuatilia kibarua shamba kwa shamba kwa miaka mingi. Mjenzi wa reli alihesabiwa kwa makundi, kambi kwa kambi, na karatasi zinazotaja mafungu ya watu ni nyingi kuliko zinazomtaja mtu mmojammoja.

Kama alikuja baada ya 1901, na hati yenu ya kiwanja inanielekeza huko, mambo ni mengine. Reli ilipokwisha, serikali iligawia Wahindi mashamba ya Kibos ili walime, na mji wa Kisumu ukavuta wenye maduka. Allidina Visram, mfanyabiashara mzaliwa wa Kutch aliyefariki mwaka 1916, alikuwa amefungua maduka kuifuata reli hadi Kisumu na kuvuka Uganda, na vijana wengi waliingia nchini kwa kazi ya maduka ya namna hiyo. Kwa sababu hii ningeanzia Kisumu kwenyewe, si Karachi. Hati ya 1912 ina namba ya kiwanja, na namba hiyo ina faili. Makavazi ya Kitaifa yaliyoko Moi Avenue, Nairobi, katika jengo lililokuwa la Benki ya India, yana mafaili ya wilaya na ya mkoa wa Nyanza ya enzi hizo, na idara hiyo ina vituo vya kumbukumbu Kisumu na Nakuru. Ukifika usiseme unatafuta babu. Sema unatafuta mafaili ya ardhi na ya mji wa Kisumu ya miaka fulani, nawe utapewa orodha ya kuchagua.

Chombo cha pili ni Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa mwaka 1899 na ambalo matoleo yake mengi ya zamani yanasomeka bure katika mtandao. Humo mna matangazo ya mirathi: fulani bin fulani, mwenye duka wa Kisumu, amefariki tarehe fulani, wanaomdai wajitokeze. Kwa watumishi wa serikali, Gazeti lilichapisha hata jedwali la waliowasili, likionyesha jina, cheo, siku ya kupanda meli na siku ya kufika Mombasa. Kwa bahati babu yako akiwa aliajiriwa serikalini, mstari mmoja wa jedwali hilo unaweza kukupa safari yote. Kama alibaki na reli, fika pia katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Nirudi kwenye zile barua mbili msizoweza kuzisoma, kwa sababu nadhani ndizo mali kubwa mliyo nayo kuliko orodha yoyote ya meli. Mpunjabi wa wakati huo aliandika kwa Gurmukhi, yaani herufi za Kipunjabi, au kwa Kiurdu, na serikali ya Punjab yenyewe iliandika kumbukumbu zake kwa Kiurdu. Zipelekeni kwa wazee wa gurdwara, hekalu la Makalasinga, ya Kisumu, na kama maandishi ni ya Kiurdu, msikitini hakukosi msomaji. Mnachokitafuta ni jina la kijiji, tehsili (sehemu ya wilaya) na wilaya, pamoja na jina la baba wa mwandishi. Bila hayo, kumtafuta mtu anayeitwa Singh ni kutafuta kisichopatikana. Angalieni pia mhuri wa posta, hata kama umefifia: ukisoma Jullundur, siku hizi huandikwa Jalandhar, ukisoma Lyallpur, mji huo leo ni Faisalabad na uko Pakistan, na hapo mpaka wa 1947 utakuwa umewaondoa India na kuwapeleka nchi nyingine.

Mkipata kijiji, basi ukoo wenu huenda umeandikwa tangu kabla ya mtu kupanda meli. Kwa familia za wenye ardhi, vitabu vya kodi ya ardhi vya Punjab viliambatana na mti wa nasaba wa wamiliki, uliotunzwa na karani wa kijiji anayeitwa patwari. Tahadhari moja: Makalasinga wengi wa Kenya ni wa jamii ya mafundi, na huenda hawamo katika orodha ya wamiliki hata kama waliishi hapo miaka mia. Mahali pengine ni Haridwar, kando ya mto Ganga, ambako makuhani wana vitabu virefu vya mkono vya familia zilizofika kuhiji au kutupa majivu ya marehemu, na vitabu hivyo hupangwa kwa kijiji na ukoo. Familia za Kihindu ndizo zimo zaidi, lakini za Kisinga pia zimo. Kama mmoja wenu alipeleka majivu kutoka Kisumu, alipofika huko aliulizwa majina ya wazee wake, na jibu lake likaandikwa.

Kwa wasomaji wengine wenye asili ya Kutch na Gujarat, ambao watalisoma jibu hili wakijiuliza habari zao, niongeze kwamba wazee wao wa mwanzo huenda hawakupanda meli ya moshi kabisa. Majahazi yalishuka na kaskazi kati ya Novemba na Machi na kurudi na kusi, na nahodha alimjua abiria kwa uso na kwa mzigo wake. Kwa watu hao msipoteze fedha kutafuta orodha; tafuteni vitabu vya hesabu vya duka alilofikia.

SWALI: Marehemu nyanya yangu alikuwa yaya katika shamba la mzungu huko Njoro. Alisimulia kwamba mabwana zake walimchukua kwa meli hadi Uingereza kulea watoto, akakaa huko majira ya baridi yote, kisha akarudi nao. Alisema kwamba wakati wa kwenda meli ilipita katikati ya mchanga, hata ungeweza kumsalimu mtu aliye nchi kavu, na wakati wa kurudi ilizunguka mbali sana, wakaona mlima uliokatwa juu kama meza. Ilikuwa karibu na 1956. Wajomba wanasema ni hadithi za kizee. Jina la bwana wake tunalijua. — Mwalimu, Nakuru

JIBU: Hapa, mwalimu, zile orodha ambazo hazikumfaa ndugu wa Kisumu zinakufaa wewe barabara. Nyanya yako alishuka bandari ya Uingereza, kwa hiyo alihesabiwa na Bodi ya Biashara wakati wa kuingia, na akahesabiwa tena wakati wa kutoka. Tafuta katika BT 26 kwa safari ya kwenda na katika BT 27 kwa safari ya kurudi. Ni vizuri kwamba alisafiri kabla ya mwisho wa 1960, kwa maana mafungu yote mawili yanakomea hapo. Tena, hadi ilipopitishwa sheria ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962, raia wa makoloni hakuhitaji kibali cha kuingia Uingereza, kwa hiyo usitegemee kukuta faili lake la uhamiaji huko. Ukurasa wa meli ndio ushahidi.

Usianze na jina lake. Anza na la bwana. Yaya aliandikwa mara nyingi chini ya familia aliyoitumikia, na karani aliyekuwa na haraka angeweza kuandika jina moja tu, au kulikosea herufi hata kompyuta isilitambue. Jina la mzungu wa Njoro litatokea vizuri zaidi. Ukilipata, usiridhike na matokeo ya utafutaji. Fungua picha ya ukurasa wenyewe na usome mistari iliyo juu na chini yake. Orodha za miaka hiyo zina safu za umri, kazi, daraja alilosafiria mtu, bandari aliyopandia, anwani atakayofikia Uingereza na nchi aliyoishi kabla ya hapo. Mwanamke aliyepandia Mombasa, kazi yake ulezi wa watoto, anwani yake sawa na ya familia ile, nchi aliyotoka Kenya: huyo ni nyanya yako, hata kama jina limeharibika. Kutafuta katika faharasa kwa kawaida ni bure, ila picha ya ukurasa hulipiwa. Nunua muda mfupi kabisa unaouzwa, ufanye kazi yako, uachane nao. Tovuti hizi hupenda kukukata fedha kila mwaka bila wewe kukumbuka.

Kuhusu masimulizi yake, mimi siko upande wa wajomba. Mchanga pande zote mbili ni Mfereji wa Suez, na mlima wa meza ni wa Cape Town. Mfereji ulizibwa wakati wa vita vya mwishoni mwa 1956 na haukufunguliwa tena mpaka Aprili 1957. Mtu aliyekwenda kupitia Suez kabla ya Novemba 1956, akakaa Uingereza majira ya baridi, na akaanza safari ya kurudi kabla ya mfereji kufunguliwa, lazima angezunguka rasi ya kusini mwa Afrika. Hadithi yake imejipigia mhuri wa tarehe. Kuna njia nyingine moja ya kuieleza: kampuni ya Union-Castle ilikuwa na meli zilizolizunguka bara lote, miongoni mwazo Kenya Castle, Rhodesia Castle na Braemar Castle, na abiria angeweza kuiona Cape Town hata katika mwaka wa amani. Kwa hiyo tafuta kwanza kati ya katikati ya 1956 na katikati ya 1957, na usipopata, panua miaka miwili kila upande. Huhitaji kujua jina la meli kabla ya kuanza, kwani utalikuta juu ya ukurasa.

SWALI: Baba yangu mzazi alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles) na alipigana Burma. Aliniambia kwamba walipokuwa baharini aliiona meli ya wenzao ikizama mara moja, na kwamba baadaye wanajeshi wa kwao waliangusha mabomu majini palipokuwa na watu wanaoogelea. Amefariki. Ninayo nyota yake ya shaba isiyo na jina, na kitabu chake cha jeshi kilicholiwa na mchwa, namba inasomeka nusu. Nitapata wapi orodha ya abiria wa meli yake? — Mzee wa Vihiga

JIBU: Mzee wangu, orodha ya namna unayoitaja hutaipata, kwa sababu askari hakuwa abiria. Aliyemhesabu baba yako alikuwa jeshi, naye alihesabiwa kwa kikosi. Bodi ya Biashara haikuwagusa. Nyota kutokuwa na jina kusikutie shaka, kwani nyota za vita hivyo zilizotolewa na Uingereza kwa kawaida hazikuchongwa majina.

Meli aliyoisimulia inafanana sana na Khedive Ismail. Mapema mwezi wa Februari 1944 msafara wa meli tano za wanajeshi uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga Khedive Ismail, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Walionusurika walikuwa zaidi kidogo ya 200. Meli nne nyingine za wanajeshi katika msafara huo zilikuwa City of Paris, Ekma, Ellenga na Varsova. Kama baba yako aliiona ikizama kwa macho yake naye hakuwa ndani yake, basi inaelekea alikuwa katika mojawapo ya hizo nne, na hapo umekwisha kukaribia jibu kuliko unavyodhani.

Sehemu ya pili ya simulizi lake ni ya kweli pia, na ni chungu. Meli za kivita Petard na Paladin zilibaki nyuma kuiwinda nyambizi, na mabomu ya kina, yanayolipukia chini ya maji, yaliangushwa huku manusura wakiwa bado majini. Hata hivyo, meli za wanajeshi zilikuwa zimetawanyika kwa kasi kuokoa maisha yao. Nadhani baba aliiona meli ikizama kwa macho yake, na habari ya mabomu akaipata baadaye kwa waliookolewa. Ukimwandikia mtafiti yeyote, zitenganishe habari hizo mbili, la sivyo ataitilia shaka hata ile ambayo baba aliishuhudia mwenyewe.

Ili ujue ni meli ipi kati ya nne, unahitaji jina la kikosi. Shajara za vita za vikosi vilivyopigana upande wa Burma zimo Kew katika fungu la WO 172, na zile za vikosi vilipokuwa bado Afrika Mashariki zimo katika WO 169. Mwanzoni mwa shajara ya safari huandikwa siku ya kupanda meli na mara nyingi jina lake. Kew pia ina kadi za mwendo wa meli wakati wa vita, fungu la BT 389. Ukumbuke vilevile kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilianza kupelekwa Ceylon (leo Sri Lanka) tangu 1943, kwa hiyo si kila Keya aliyefika Burma alisafiri na msafara huu. Kama mna jamaa ambaye hakurudi, jina lake litafute katika Kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyoko kwenye makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, ambako majina ya wapiga mizinga waliozama na Khedive Ismail yameandikwa. Orodha hiyo inapatikana bure katika tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola.

Kabla ya yote hayo, kiokoe hicho kitabu. Usikipanguse wala kukibandika kwa gundi. Kitoe palipo na mchwa leo, kilaze juu ya karatasi kavu, na mwambie kijana mwenye simu nzuri akipige picha ukurasa kwa ukurasa karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa upande, kwa sababu namba iliyogongwa kwa nguvu huacha alama katika karatasi hata wino ukiisha. Herufi zinazotangulia namba ndizo muhimu kwanza, kwani huweza kuonyesha kikosi. Ukizipata, tuandikie tena uzitaje kama zilivyo, bila kujaza zilizokosekana kwa kukisia.